Barabara ya Maili Moja

Msomaji, katika masomo ya historia tumezoea kusimuliwa habari za mambo makubwa: vita vilivyopiganwa miaka mingi, safari za majahazi, na reli zilizotandazwa kutoka pwani mpaka ziwani. Leo nakuomba uje pamoja nami tutazame jambo dogo, yaani barabara ambayo urefu wake wapata maili moja na kidogo tu. Mwenye motokaa huipita kwa muda wa dakika moja au mbili. Naye aendaye kwa miguu, kama angeruhusiwa kupita humo, angeimaliza kabla ya nusu saa. Walakini barabara hiyo fupi ilisaidia kufuta mtaa uliokuwa na makanisa, maduka, shule na maelfu ya watu. Na leo, miaka zaidi ya sitini tangu ilipofunguliwa, wenyeji wa mji ule wangali wakibishana juu ya namna ya kuiondoa. Hatuna budi kuuliza: yawezekanaje kitu kifupi namna hiyo kiache alama ndefu namna hiyo?

Barabara yenyewe iko Detroit, mji mkubwa wa jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, kwenye ukingo wa mto uugawao mji huo na nchi ya Kanada. Jina lake ni namba: 375. Usiidharau namba hiyo, maana ina habari ndani yake. Katika mpango wa barabara kuu za Marekani, zile zinazokwenda kaskazini na kusini hupewa namba zisizogawanyika kwa mbili, na zile zinazokwenda mashariki na magharibi hupewa namba zinazogawanyika. Barabara yenye tarakimu tatu ni tawi, na tarakimu mbili za mwisho hutaja mama yake. Tena, tarakimu ya kwanza isipogawanyika kwa mbili, kwa kawaida tawi hilo huingia mjini na kuishia humo. Ikigawanyika, tawi huuzunguka mji au huungana na barabara kuu nyingine. Basi 375 ni mtoto wa barabara namba 75, ile itokayo Florida, jimbo la kusini lenye joto, ikapanda mpaka kwenye mpaka wa Kanada. Ifikapo Detroit, mama hugeuka na kushika njia yake, na mtoto huteremka peke yake kuelekea mtoni, akawafikisha wenye motokaa karibu na kitovu cha mji. Kazi yake ni hiyo tu.

Sasa tuone ni mahali gani palipopitishwa njia hiyo.

Detroit ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1701. Wakulima wa kwanza waligawana ardhi kwa vipande virefu vyembamba, kila kipande kikianzia mtoni ili kila mtu apate maji na njia ya mtumbwi. Upande wa mashariki wa ngome yao palikuwa na bonde lenye udongo mweusi wenye rutuba, na kwa ajili ya udongo huo mahali pale pakaja kuitwa Black Bottom, maana yake Bonde la Udongo Mweusi. Nakusihi ulikumbuke jambo hili, kwa kuwa watu wengi hudhani ya kwamba jina hilo lilitokana na rangi ya watu waliokaa hapo baadaye. Sivyo, jina lilitangulia, watu wakafuata. Katika karne ya kumi na tisa wakaaji wa bonde hilo walikuwa hasa wageni kutoka Ulaya, Wajerumani, Wayahudi, Waitalia na wengineo, ambao walifikia hapo kwa sababu nyumba zilikuwa rahisi, na walipopata mali kidogo walihamia mitaa mingine.

Mwaka 1914 kampuni ya motokaa ya Henry Ford ilitangaza ujira wa dola tano kwa siku, na mwaka huohuo vita vikuu vya kwanza vilianza Ulaya, vikazuia wageni wa kutoka huko. Viwanda vikahitaji mikono. Huko kusini mwa Marekani watu weusi, wajukuu wa watumwa, walikuwa wakilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, wakinyimwa kura, na mara nyingine wakiuawa na makundi ya watu bila ya kesi. Waliposikia habari za kazi, wakapanda gari la moshi kwenda kaskazini. Mwaka 1910 watu weusi wa Detroit hawakufika 6,000; mwaka 1920 walikuwa wapata 41,000; na mwaka 1930 wapata 120,000. Fikiri ewe msomaji ni mji gani uwezao kupokea wageni wengi namna hiyo kwa miaka ishirini bila ya kuwajengea nyumba.

Lakini shida haikuwa uchache wa nyumba peke yake. Mgeni wa Ulaya aliweza kutoka bondeni akipata fedha. Mtu mweusi hakuweza. Katika hati za nyumba nyingi mjini yaliandikwa mapatano ya kwamba nyumba ile isiuzwe wala isipangishwe kwa mtu asiye mweupe. Tangu mwaka 1934 serikali kuu yenyewe ilikuwa ikiwadhamini watu wakope fedha za kujenga au kununua nyumba, lakini mitaa ya watu weusi ilihesabiwa kuwa hatari, ikanyimwa dhamana. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya kwamba mahakama zisiyatekeleze mapatano yale, na mojawapo ya kesi zilizoamuliwa siku hiyo ilikuwa imetoka Detroit. Hata hivyo, desturi haikufa siku ile ilipohukumiwa. Basi watu waliendelea kubanana bondeni: nyumba za mbao zilizokwisha zeeka, jamaa mbili au tatu katika nyumba moja, na kodi kubwa kuliko thamani ya kile kilicholipiwa.

Nakueleza haya ili usije ukadhani kwamba Black Bottom ilikuwa bustani ya peponi. Nyumba nyingi zilikuwa mbovu kwa kweli, na waliosema kuwa zafaa kubomolewa hawakuwa wote wenye nia mbaya. Lakini ndani ya mbano ule watu walikuwa wamejijengea maisha. Njia kuu ya mtaa iliitwa Hastings Street. Ilianzia karibu na mto ikapanda kaskazini, na kandokando yake mlikuwa na maduka ya nguo na ya dawa, hoteli, mikahawa, vinyozi, madaktari na mawakili. Upande wa kaskazini, katika sehemu iliyoitwa Paradise Valley, vilabu vya muziki viliwaleta wapigaji mashuhuri wa nchi nzima. Joe Louis, aliyekuwa bingwa wa ndondi wa dunia kuanzia mwaka 1937, alifika mtaa huo akiwa mtoto pamoja na jamaa yake kutoka Alabama. Coleman Young, ambaye mwaka 1974 alikuwa meya wa kwanza mweusi wa Detroit, alilelewa humo. Katika kanisa la New Bethel, lililokuwa kwenye Hastings Street, mchungaji C. L. Franklin alihubiri kwa sauti iliyojulikana Marekani nzima, na binti yake Aretha alianza kuimba humo angali mdogo.

Katika njia hiyohiyo mtu mmoja jina lake Joe Von Battle alifungua duka la santuri mwaka 1945. Nyuma ya duka aliweka mashine za kunasia sauti, akanasa nyimbo za wapiga gitaa wa mtaani na mahubiri ya mchungaji Franklin, akayauza. Mshike moyoni mtu huyu, maana tutamkuta tena.

Mwaka 1946 wakuu wa mji walitoa mpango wa kununua ardhi ya mitaa iliyochakaa, kubomoa nyumba, na kuwauzia wajenzi viwanja vitupu. Mji peke yake haukuwa na fedha za kutosha. Mwaka 1949 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya nyumba, na kwa sheria hiyo serikali kuu ilikubali kulipa theluthi mbili za hasara ambayo mji ungeipata kwa kununua ghali na kuuza rahisi. Mwezi wa Januari 1950 Albert Cobo aliingia katika kiti cha umeya. Alikuwa mtu wa hesabu, mwenye kuamini ya kwamba mji utaokolewa na majengo mapya na barabara pana. Mwaka huohuo bomoabomoa ilianza katika Black Bottom, katika eneo la ekari 129 lililokaliwa na jamaa zinazokaribia 2,000. Papo hapo meya akakataa miradi mingi ya nyumba za serikali iliyokusudiwa kujengwa kwenye viunga vya mji, ambako wakaaji weupe walikuwa wakipiga kelele kuipinga. Kwa hiyo watu walitolewa upande mmoja, na upande wa pili mlango ukafungwa.

Ikawaje baadaye? Nyumba zilibomolewa upesi, lakini wajenzi hawakutokea. Uwanja ukakaa mtupu miaka kadha wa kadha, magugu yakaota, hata wenyeji wakauita kwa mzaha Ekari za Magugu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo nyumba mpya za Lafayette Park zilipoanza kusimama, kazi ya mchora majengo mashuhuri Mies van der Rohe. Ni nyumba nzuri. Mwaka 2015 zilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Lakini kodi zake hazikuwa za watu wale waliotolewa.

Sasa twafika kwenye barabara yetu. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya barabara kuu, iliyoagiza zijengwe maili 41,000 za barabara pana zisizo na njia panda, kutoka bahari hata bahari. Fedha zilitokana na kodi ya petroli, na katika kila dola kumi za gharama, serikali kuu ililipa tisa na jimbo likalipa moja tu. Hebu jiweke mahali pa wakuu wa mji. Ukipewa dola tisa kwa kila dola moja unayoitoa wewe, si rahisi kusema, “Hapana, ahsante.” Hivyo swali halikuwa tena kama barabara ijengwe, bali ipitishwe wapi.

Jibu la swali hilo lilikuwa na sababu zake, na yapasa tuzitazame moja moja. Kwanza, wenye maduka makubwa na maofisi katikati ya mji waliogopa kupoteza wateja, kwa kuwa watu wenye fedha walikuwa wakihamia viungani. Wakataka njia ya kuwaingiza watu hao mjini kwa motokaa. Pili, mhandisi hutafuta ardhi rahisi, na ardhi ya Black Bottom ilikuwa rahisi kwa sababu zile tulizokwisha kuziona, yaani mtaa ulionyimwa mikopo kwa miaka mingi hauwezi kuwa na nyumba za thamani. Tatu, wakuu walihesabu kuwa kuondoa mtaa uliochakaa ni faida ya pili ya barabara. Nne, wakaaji wengi walikuwa wapangaji, nao hawakuwa na mtu wa kuwasemea katika baraza la mji. Husemwa mnyonge hana haki; na hapa twaona maana yake kwa vitendo, maana umaskini ulioletwa na sheria za jana ndio uliotolewa kuwa sababu ya kubomoa leo.

Kazi ya kujenga barabara iitwayo Chrysler, ambayo namba 375 ndiyo ncha yake ya kusini, ilianza mwaka 1959. Ilifuata njia ya Hastings Street karibu kabisa, kana kwamba mtu ameweka rula juu ya ramani ya maduka na makanisa akapiga mstari. Haikujengwa juu ya ardhi bali ilichimbwa chini, kama bonde lenye kuta za saruji, ili motokaa zipite bila kusimama na njia nyingine zivuke juu kwa madaraja. Jambo hili lilikuwa la akili katika macho ya mhandisi. Lakini daraja hugharimu fedha, na si kila njia ilijengewa daraja; nyingi zilikatwa zikaishia ukingoni. Aliyezoea kuvuka njia kwenda kwa jirani sasa alihitaji kuzunguka. Barabara ilifunguliwa mwaka 1964, kwa gharama iliyopata dola milioni 50.

Na watu je? Mwenye nyumba alilipwa bei ya nyumba yake, kama ilivyokadiriwa baada ya miaka mingi ya watu kujua kwamba itabomolewa. Wala hapana atakayetoa bei nzuri kwa nyumba yenye hukumu. Mpangaji alipewa ilani ya kuhama. Mwenye duka aliyepanga hakulipwa chochote kwa ajili ya wateja aliowakusanya kwa miaka ishirini, maana wateja hawaandikwi katika hati. Sheria ya Marekani yenye kuamuru kwamba kila atolewaye kwa kazi ya serikali kuu asaidiwe kuhama na kupata makao mengine ilipitishwa mwaka 1970, miaka sita baada ya barabara kufunguliwa.

Kanisa la New Bethel lilihama, na mwaka 1963 likafungua milango katika jengo jingine upande wa magharibi wa mji. Na yule Joe Von Battle? Alilazimika kuondoka Hastings Street kiasi cha mwaka 1960, akafungua duka katika Twelfth Street, njia ya upande wa magharibi ambako wengi wa waliotolewa walikimbilia. Huko nako watu wakabanana kama walivyobanana kwanza. Mwezi wa Julai 1967 fujo kubwa zililipuka katika Twelfth Street hiyohiyo, baada ya polisi kuvamia kilabu cha pombe usiku. Watu 43 walikufa, na duka la Von Battle likaharibiwa pamoja na santuri na kanda zake. Sisemi kuwa barabara ndiyo iliyowasha moto ule. Mwanahistoria mwangalifu hawezi kusema hivyo, kwa kuwa palikuwapo ukosefu wa kazi, na ukali wa polisi, na mambo mengine mengi. Lakini hatuwezi kuieleza Twelfth Street ya mwaka 1967 bila kutaja watu walitoka wapi.

Labda utauliza: je, barabara haikuleta faida hata kidogo? Swali ni la haki. Ililetea faida waendeshaji wa motokaa, na magari ya mizigo, na maofisi ya katikati ya mji kwa muda. Walakini, njia imwingizayo mtu mjini asubuhi ndiyo imtoayo jioni. Barabara zilipokuwa nzuri, ilikuwa rahisi zaidi kukaa viungani na kufanya kazi mjini, kisha kuhamisha hata kazi yenyewe. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu 1,849,568. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 639,111. Viwanda kufungwa na kuhama ni sababu kubwa ya kupungua huko, na chuki za rangi ni sababu nyingine. Lakini barabara zilizojengwa ili kuwaleta watu katikati ya mji ziliwarahisishia pia kuuhama.

Hapa nataka ujifunze jambo moja juu ya kazi ya mwanahistoria. Twajuaje mtaa ule ulivyokuwa, nao haupo tena? Kabla ya kubomoa, mji ulituma wapiga picha, kati ya mwaka 1949 na 1950, wakapiga picha za nyumba za Black Bottom moja moja, ili mahakama zikadirie bei yake. Hawakuwa na nia ya kuhifadhi kumbukumbu. Walikuwa wakiandaa bomoabomoa. Picha hizo zimo katika maktaba ya mji wa Detroit, na wajukuu wa waliotolewa huenda kuzitazama, wakaonyeshana mlango wa babu yao, au dirisha la duka, au mtoto aliyesimama ngazini bila kujua kuwa anapigwa picha. Mara nyingi karatasi iliyoandikwa kwa kusudi moja huja kutoa ushahidi wa jambo jingine. Basi usomapo hati yoyote, uliza iliandikwa na nani, kwa haja gani, kisha uliza yasema nini zaidi ya haja hiyo.

Barabara nayo ilizeeka. Madaraja yake yalichakaa, na wakuu wa barabara za Michigan wakaona ya kuwa lazima waijenge upya au waiondoe. Baada ya miaka ya uchunguzi walichagua kulifukia bonde lile na kuweka mahali pake njia pana ya mjini, iliyo sawa na ardhi, yenye taa za kusimamisha motokaa na nafasi ya waendao kwa miguu. Mwaka 2022 serikali kuu iliidhinisha mpango huo, ikaahidi dola milioni 104.6. Lakini gharama ziliendelea kupanda, na mwaka 2025 wakuu wa jimbo walitangaza kuusimamisha mpango kwa muda. Tena wenyeji wenyewe hawakuwa na neno moja. Wengine walisema njia iliyokusudiwa ni pana mno, ni barabara kuu iliyovaa nguo nyingine. Wengine waliuliza swali zito zaidi: bonde likifukiwa, zitapatikana ekari zipatazo 30 za ardhi karibu na kitovu cha mji, na ardhi hiyo sasa ni ya thamani kubwa, je, itakuwa ya nani? Waliotolewa walikuwa wapangaji na wenye maduka madogo. Wengi wamekwisha kufa, na hawakuacha hati. Ni rahisi kulifukia bonde la saruji kwa udongo. Kuyarudisha maduka, na majirani, na miaka ya kuweka akiba, hilo halina mashine yake.

Wewe msomaji wa Kenya waweza kusema kuwa haya ni mambo ya mbali. Lakini mwezi wa Julai 2018, huko Kibra katika Nairobi, nyumba na makanisa na shule zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Barabara ilihitajiwa; hapana aliyezoea msongamano wa Nairobi atakayebisha. Maelfu waliokosa mahali pa kulala usiku ule pia walikuwa watu. Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010 chaamuru ya kwamba serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, ilipe fidia ya haki bila kukawia. Na chatoa nafasi hata ya kuwalipa wakaaji wa nia njema wasio na hati. Wapangaji wa Hastings Street hawakuwa na maneno kama hayo ya kuyashika mkononi. Sisi tunayo. Lakini maneno ya katiba hayatembei yenyewe. Hungoja watu wayasome, wayajue, na wayadai kwa wakati wake, kabla mashine hazijawashwa.

Simfundishi mtu kuchukia barabara. Mgonjwa hufika hospitali kwa barabara, na mahindi ya mkulima hufika sokoni kwa barabara. Nakufundisha kuuliza. Siku moja huenda ukawa mhandisi, au diwani, au mwandishi wa gazeti, au mwenye nyumba aliyepelekewa ilani. Mpango wa barabara ukiwekwa mezani mbele yako, utaona mistari na namba, na bei ya kila ekari. Uliza mstari umepita juu ya nani. Uliza kwa nini ardhi ya hapo ni rahisi. Uliza mpangaji atakwenda wapi mwezi ujao, na mwenye kibanda atauza wapi, na watoto watavuka wapi kwenda shule. Uliza ni nani atakayepita katika barabara hiyo na ni nani atakayeizunguka.

Na kwa sasa, kazi ndogo. Chagua barabara moja unayopita kila siku kwenda shuleni. Mtafute mzee aliyekaa karibu nayo tangu kabla ya lami, umwamkie kwa adabu, umwombe akueleze palikuwa na nini hapo zamani: nyumba ya nani, shamba la nani, mti gani waliopumzikia. Andika maneno yake, na tarehe uliyoyasikia, na jina la mahali, kisha uyahifadhi daftari hilo. Wapiga picha wa Detroit hawakujua kuwa wanaandika historia. Wewe utaanza ukijua.